38, 27, 19, 21: kisa cha kovu lililogeuka baada ya tiba ya mionzi

Namba nne zilizo kwenye kichwa ni upana wa kovu la upasuaji wa saratani ya titi, kwa milimita, katika mamogramu (eksirei za titi) nne za mwanamke mmoja, zilizopigwa miezi 8, 20, 32 na 44 baada ya tiba ya mionzi kumalizika. Ukiweka ya mwisho kando ya ya pili, kovu limepungua. Ukiiweka kando ya ya tatu, limeongezeka milimita 2 tu, tofauti ambayo hata mkao wa titi kwenye mashine unaweza kuileta. Ukizipanga zote nne ndipo unaona kilichotokea: kovu lilikuwa linashuka mwaka hadi mwaka, kisha likageuza.

Mgonjwa huyu ametungwa kwa ajili ya kufundishia. Hatua alizopitia na makosa yaliyomzunguka havikutungwa. Hukutana navyo yeyote anayesoma picha za matiti yaliyokwisha kupata mionzi.

Alikotoka

Ana miaka 57, hedhi imekoma, uzito kilo 68. Uvimbe wa kwanza ulikuwa titi la kushoto, juu upande wa nje, kwenye namba 2 ya uso wa saa, sentimita 6 kutoka kwenye chuchu. (Ripoti za Kiswahili ziandike “namba 2” na ziepuke “saa mbili”. Kwa msemaji wa Kiswahili mshale ukiwa kwenye namba 2 ni saa nane, na sindano ya biopsi, ile ya kuchukua kinyama cha kupimwa maabara, haifai kupelekwa mahali kwa kubahatisha mwandishi alifikiri saa ya namna gani.) Ilikuwa saratani ya mirija ya maziwa iliyovamia, daraja la 2, milimita 17, yenye vipokezi vya estrojeni na projesteroni, HER2 (protini inayochochea seli kukua) hasi. Uvimbe ulitolewa na titi likabaki. Kingo zilikuwa safi, na tezi mbili za kwapani zilizochunguzwa hazikuwa na saratani.

Titi zima lilipata 40 Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 15 katika wiki tatu, kisha eneo la upasuaji likaongezewa 10 Gy kwa vipindi 5. Baada ya hapo letrozole, dawa ya kushusha estrojeni, kidonge kimoja kila siku.

Mionzi hiyo haikuwa mapambo. Katika utafiti wa NSABP B-06 wa Marekani, wanawake waliotolewa uvimbe walifuatiliwa kwa miaka 20: saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa 39.2% ya wasiopata mionzi na 14.3% ya waliopata. Dawa za leo zimeishusha zaidi hatari hiyo, lakini haijaisha, na haiji kwa kasi moja. Katika miaka miwili ya kwanza kurudi ni nadra. Baada ya hapo hatari inaendelea kwa miaka mingi, ikianzia mara nyingi pembeni mwa kovu. Kadiri miaka inavyopita, saratani inayojitokeza sehemu nyingine ya titi huenda ikawa mpya kabisa, isiyo na undugu na ile ya zamani.

Mionzi inavyoandika kwenye picha

Shida ya kusoma titi hili ni kwamba upasuaji na mionzi huacha alama zinazofanana mno na saratani. Ngozi ya titi kwa kawaida haizidi milimita 2. Baada ya mionzi inaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Maji hujaa kwenye tishu na kuchora nyuzi nyeupe zilizosukana, sura ileile ya saratani yenye kuvimbisha titi. Penye upasuaji tishu huvutwa kuelekea katikati kama kitambaa kilichoshonwa vibaya, na mistari hiyo inayokutana ni ishara ambayo kwa mwanamke asiyewahi kupasuliwa ingempeleka kwenye biopsi siku hiyohiyo.

Kinachotofautisha ni mwendo. Uvimbe wa maji hufikia kilele ndani ya miezi sita hivi ya kwanza, kisha hushuka, na kwa wengi hutulia kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Kovu husinyaa, kingo zake hubonyea kuingia ndani, na katikati hujaa weusi wa mafuta. Ukilitazama kutoka juu ni pana, ukilitazama kwa mshazari ni jembamba, kwa sababu ni utando zaidi ya kuwa donge. Baadaye, mara nyingi kati ya mwaka wa pili na wa tano, mafuta yaliyokufa huanza kujenga chokaa: kwanza ganda jembamba kuzunguka kifuko cha mafuta, kama ganda la yai, kisha vipande vinene vyenye umbo la hovyo.

Titi lililopata mionzi lina njia mbili tu za halali: kupungua au kutulia. Likishatulia halafu likaongeza weupe, ngozi ikanenepa upya, au kovu likajaa, sababu itafutwe mpaka ipatikane. Vitu vichache vinaweza kuirudisha ngozi nyuma bila saratani, kama maambukizi au moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Kovu kujaa halina visingizio vingi.

Picha nne

Mwezi wa 8. Hii ndiyo picha ya msingi. Inapendekezwa ipigwe kati ya miezi 6 na 12 baada ya mionzi kuisha. Ukiipiga mapema zaidi unapata picha ya uvimbe wa maji, titi linauma, na huna cha kulinganishia baadaye. Ngozi milimita 5, tishu zimelowa, kovu 38. Radiografa alibandika waya mwembamba juu ya mshono wa ngozi, jambo dogo linalookoa mjadala mrefu: msomaji anaona mara moja kama mvutano wa tishu uko chini ya mshono au umekaa kando.

Mwezi wa 20: ngozi 3.5, kovu 27. Mwezi wa 32: ngozi 2.5, kovu 19, kingo zimebonyea, mafuta yanaonekana katikati. Mbele ya kovu kimetokea kifuko cha mafuta cha milimita 11 chenye ganda jembamba la chokaa. Kifuko hicho hakina ubaya wowote, lakini ndicho kitakachompoteza kila mtu mwaka unaofuata.

Mwezi wa 44 mgonjwa alifika akisema anashika kitu kigumu. Kidole kiliangukia juu ya kifuko. Chokaa yake ilikuwa imenenepa, na vipande viwili vipya vilikuwa vimeongezeka pembeni. Nyuma ya kovu, karibu na msuli wa kifua, palikuwa na weupe wa kama milimita 10 ambao haukuwepo mwezi wa 32, na weusi wa mafuta katikati ya kovu ulikuwa umefifia. Kovu: 21.

Rekodi ya mashine ilitoa udhuru. Mwezi wa 32 titi lilibanwa kwa newtoni 110 na unene ukawa milimita 52; safari hii lilibanwa kwa 75 na unene ukabaki 58, kwa kuwa mgonjwa alikuwa na maumivu. Titi lisilobanwa vizuri hutandaza tishu juu ya tishu na kutengeneza weupe ambao haupo. Udhuru huo ni wa kweli mara nyingi, na ndiyo maana unadanganya. Kuupima si kazi kubwa. Kwenye tomosinthesi, inayolikata titi katika tabaka za milimita moja moja, weupe wa kupandana kwa tishu husambaratika ukipita tabaka kwa tabaka. Huu haukusambaratika. Ulionekana kuanzia tabaka la 14 hadi la 22, ukiwa na kingo zilezile, na ukingo wa nyuma wa kovu uliokuwa umebonyea sasa ulikuwa umetuna kwenda nje.

Kingine cha kukagua kabla ya kuulaumu mkao ni kama picha imefika nyuma vya kutosha. Kwenye picha ya mshazari msuli wa kifua ushuke hadi usawa wa chuchu, na umbali wa kutoka chuchu hadi nyuma kwenye picha ya juu usitofautiane na ule wa mshazari kwa zaidi ya sentimita 1. Titi la mionzi ni gumu na limesinyaa, halivutiki, kwa hiyo sehemu ya kwanza kukatwa nje ya picha ni ile ya nyuma. Weupe huu ungekuwa sentimita moja nyuma zaidi, usingeonekana kabisa.

Ripoti ilitoka BI-RADS 0 (BI-RADS ni mfumo wa kupanga matokeo ya picha za titi kwa namba), yaani picha zaidi zinahitajika, ikitaja mambo mawili: chokaa mbele na weupe nyuma. Picha ya kukuza ilionyesha chokaa nene, yenye shimo la mafuta katikati. Chokaa ya saratani huwa laini kama vumbi, vijipande vya maumbo tofauti vilivyokusanyika, au vilivyojipanga kwenye mstari unaogawanyika kama tawi kwa kufuata mrija. Kwa chokaa, basi, hapakuwa na swali tena. Lililobaki ni weupe.

Biopsi iliyojibu swali lisiloulizwa

Kwenye ombi la ultrasaundi yaliandikwa maneno matatu: “uvimbe unaoshikika, kushoto”. Weupe wa nyuma haukutajwa. Mpimaji aliweka kifaa penye uvimbe, akakuta kitu cha milimita 12 chenye kingo zisizo sawa na kivuli kizito nyuma yake, kitu ambacho kwenye ultrasaundi kingemtisha yeyote. Alichukua vinyama vitano kwa sindano ya geji 14, akaacha klipu, alama ndogo ya kuonyesha palipochomwa, na patholojia ikajibu: mafuta yaliyokufa, nyuzi za kovu, hakuna seli za saratani.

Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa kitu kilichochomwa. Kosa liko kwenye hatua iliyofuata, ile ambayo kwa haraka ya kazi huachwa: kupiga mamogramu baada ya biopsi ili kuona klipu imekaa wapi. Ilipigwa, lakini ilitazamwa siku nne baadaye, kwenye kikao cha kulinganisha picha na majibu ya patholojia. Klipu ilikuwa ndani ya kifuko cha mafuta, milimita 18 mbele ya weupe. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuambiwa majibu ni mazuri.

Kikao kama hicho kinauliza jambo moja: je, jibu la maabara linaeleza kile picha ilichoonyesha? Mafuta yaliyokufa yanaeleza chokaa, yanaeleza na ugumu unaoshikika. Hayaelezi weupe mpya wenye kingo zilizotuna karibu na msuli. Jibu likishindwa kueleza picha, biopsi inahesabiwa kuwa haijafanyika. Weupe ulipewa BI-RADS 4B, kundi ambalo uwezekano wa saratani ni zaidi ya 10% hadi 50%.

Kwa nini ultrasaundi haikuuona? Kovu na ganda la chokaa hunyonya mawimbi ya sauti. Nyuma yao panabaki giza, na kilichomo gizani hakina habari. Mpimaji alitazama kutoka mbele, mgonjwa akiwa amelala chali, kwa hiyo weupe ulikaa kwenye kivuli cha kifuko. Wengine hukimbilia kipimo cha ugumu wa tishu, lakini kovu la mionzi ni gumu kama saratani, na rangi zinazojaza skrini hapo hazina msaada mkubwa.

MRI

Ingewezekana kwenda moja kwa moja kwenye biopsi inayoongozwa na mamogramu. Ila weupe ulikuwa karibu na ukuta wa kifua, na titi gumu lisingevutika hadi kwenye dirisha la sindano. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ilichaguliwa kwa sababu mbili: kujua kama kuna kitu kinachonyonya dawa ya kung'arisha, na kujua kama kiko kimoja.

Umri wa kovu ndio unaofanya MRI isomeke. Kovu changa lina mishipa mipya na hung'aa kwa dawa, mara nyingi hadi miezi 18 hivi baada ya tiba. Hapa tuko mwezi wa 44. Kovu la umri huo linatakiwa kuwa jeusi na kimya, na titi lenyewe huwa limepunguziwa ung'avu wa kawaida na mionzi, kwa hiyo kitu kinachowaka hakina pa kujificha. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kipimo hupangwa kati ya siku ya 7 na ya 14 ya mzunguko. Huyu hakuhitaji hesabu hiyo.

Figo zilipimwa kwanza. Gadolini, ndiyo dawa ya kung'arisha, hutolewa kwa 0.1 mmol kwa kila kilo, kwa hiyo kilo 68 ni 6.8 mmol. Hapa panahitaji macho: dawa nyingi zina nguvu ya 0.5 mmol kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 13.6, lakini ipo yenye 1.0, ambayo ni mililita 6.8 tu. Anayekariri mililita badala ya mmol anaweza kutoa nusu ya dozi au dozi mbili. Ilisukumwa mililita 2 kwa sekunde, ikafuatwa na mililita 20 za maji ya chumvi. Seti moja ilipigwa kabla ya dawa, kisha tano baada yake, kila moja ya sekunde 90.

Siku 12 baada ya biopsi bado palikuwa na damu kuzunguka klipu, nyeupe hata kabla ya dawa. Asiyetazama seti ya kwanza ataiita damu hiyo uvimbe unaong'aa. Picha za kutoa, ambapo ya kabla huondolewa kwenye ya baada, huifuta, mradi mgonjwa hakusogea. Akisogea hata kidogo, kingo za mafuta hujichora kama mistari inayowaka, na hapo urudi kwenye picha ghafi.

Kifuko kiling'aa pembeni kwa mstari mwembamba, na katikati yake kilikuwa na ishara ya mafuta: cheupe kwenye T1 ya kawaida (aina ya picha za MRI ambamo mafuta huwa meupe), cheusi mafuta yalipozimwa. Mafuta katikati ndiyo hati ya utambulisho ya mafuta yaliyokufa. Ukiyaona humo, mng'ao wa pembeni hauna haja ya kukusumbua.

Nyuma ya kovu palikuwa na kinundu cha milimita 9 × 8 × 11, kingo zisizo sawa, hakina mafuta ndani, kinang'aa zaidi pembeni. Ishara yake kabla ya dawa ilikuwa 210. Ikaruka hadi 520 kwenye seti ya kwanza baada ya dawa, ongezeko la karibu 148%. Ikaisha na 440, yaani kushuka kwa 15% kutoka kileleni. Kupanda zaidi ya 100% ni kasi kubwa, na kushuka zaidi ya 10% baada ya kilele huitwa kuoshwa. Vyote viwili pamoja ni mwenendo wa mishipa inayovuja.

Kwenye picha za mtawanyiko wa maji kinundu kilikuwa na ADC, kipimo cha urahisi wa maji kutembea ndani ya tishu, ya 0.9 × 10⁻³ mm²/s. Namba hiyo peke yake haitoshi, na wengi hukosea hapa, kwa kuwa kovu lililokomaa nalo huwa na ADC ya chini kwa sababu ni kavu na halina ishara ya kutosha kupimwa. Kabla ya kuiamini, tazama picha ya b 800, ile ya mtawanyiko iliyopigwa kwa nguvu kubwa. Saratani inawaka humo huku ADC ikiwa chini. Kovu ni jeusi kotekote. Kinundu kiliwaka.

Kutafuta mara ya pili

Kwenye MRI mgonjwa hulala kifudifudi, titi likining'inia. Kwenye ultrasaundi hulala chali, titi likitandaa. Kitu kilichokuwa sentimita 4 kutoka kwenye ngozi kinaweza kuwa 2, kwa hiyo kuanza na kina ni kujipoteza. Zilitumika alama zinazosafiri pamoja na titi: klipu ya kwanza, kifuko cha mafuta, na umbali kutoka kwenye msuli. Mgonjwa aligeuzwa ubavu kuelekea kulia, mkono wa kushoto juu ya kichwa, na kifaa cha 15 MHz kikawekwa upande wa nje wa titi ili sauti ipite kando ya kifuko badala ya kupita ndani yake.

Kinundu kilijitokeza: milimita 9, cheusi, kirefu kuliko upana wake, na mshipa mmoja ukiingia pembeni. Sindano ya geji 14 ililazwa sambamba na ukuta wa kifua, isielekee mapafuni, na kila mara ncha ilithibitishwa kwa kugeuza kifaa nyuzi 90 kabla ya kufyatua. Tishu ya mionzi hukwamisha sindano na kuipotosha, kwa hiyo kila kinyama kilihitaji msukumo wa polepole na dawa ya ganzi ya kutosha hadi kwenye msuli. Vilichukuliwa vinne, ikaachwa klipu ya umbo tofauti na ile ya kwanza. Mamogramu ilipigwa dakika chache baadaye na kusomwa papo hapo: klipu mpya katikati ya weupe.

Maabara haikupelekewa maji ya sindano nyembamba. Mionzi hukuza viini vya seli za kawaida na kuzipa sura mbaya, na seli chache zilizotawanyika hazimpi mwanapatholojia mpangilio wa tishu wa kumwongoza. Kwenye fomu iliandikwa wazi kwamba eneo hilo la titi limepata 50 Gy na mwezi gani.

Jibu: saratani ya mirija iliyovamia, daraja la 2, estrojeni chanya, projesteroni hasi, HER2 hasi. Kipokezi cha projesteroni kilichokuwepo mara ya kwanza kimepotea. Vipokezi hupimwa upya kwenye kila saratani iliyorudi kwa sababu hii. Kutumia majibu ya zamani ni kutibu ugonjwa wa zamani.

Mbavu mbili

Saratani ikishathibitishwa kurudi, ndipo mwili mzima unapotazamwa. Kabla ya hapo, kwa mtu asiye na dalili, PET (skani inayoonyesha mahali panaponyonya sukari nyingi), skani ya mifupa na vipimo vya damu vya alama za saratani havipendekezwi. Huleta vitu vya kutisha kuliko vya kutibu. Ultrasaundi ya kwapa ilionyesha tezi zenye gamba la milimita 2, za kawaida. Kisha PET/CT: saa 6 bila kula, sukari 6.1 mmol kwa lita, FDG (sukari yenye mionzi ya kuonekana kwenye skani) MBq 272, dakika 60 za kutulia.

Kinundu chenyewe kilionekana kwa kufifia, SUV (kipimo cha kiasi cha FDG kilichonyonywa) 2.9. Kisingekuwa kimejulikana, kingepita, na ndiyo maana PET haifai kuwa kipimo cha kwanza cha kutafuta kitu cha chini ya sentimita 1. Kilichoshtua ni mbavu za kushoto, ya nne na ya tano, kila moja na nukta inayowaka upande wa mbele.

Nukta hizo zilikuwa moja juu ya nyingine, kwenye mstari mmoja, ndani ya eneo ambalo miale ya pembeni ilipita. Saratani ikitawanyika kwenye mifupa haijali mstari wa miale. Dirisha la mfupa la CT lilionyesha ufa mwembamba wenye mfupa mpya ukiuziba katika mbavu zote mbili. Mionzi hudhoofisha mbavu, letrozole nayo hupunguza uzito wa mifupa, na kikohozi cha nguvu kinatosha kumalizia. Pafu lililo chini yake lilikuwa na utepe wa kovu wenye ukingo ulionyooka usiofuata mipaka ya sehemu za pafu, saini ya miale ileile. Hakuna kilichochomwa. CT ya kifua iliyorudiwa baada ya miezi mitatu ilikuta nyufa zimeunga.

Kitu kingine kilichotafutwa kwa makusudi ni ngozi. Saratani ya mishipa ya damu inayoletwa na mionzi ni nadra, hujitokeza kwa kawaida miaka kadhaa baada ya tiba, na huanza kama doa la zambarau linalofanana na jeraha la kujigonga. Mamogramu inaweza kutoonyesha kitu. Doa la namna hiyo hukatwa kipande cha ngozi, hata picha zikiwa safi. Huyu hakuwa nalo.

Kilichotoka

Titi liliondolewa lote. Hiyo ndiyo tiba ya kawaida kwa titi lililokwisha kupata mionzi. Njia ya kuondoa uvimbe tena na kurudia mionzi kwenye sehemu ndogo ipo: itifaki ya utafiti wa Marekani uitwao RTOG 1014 ilitumia 45 Gy kwa vipindi 30 vya 1.5 Gy, viwili kwa siku. Ilizungumzwa naye, lakini kinundu kilikuwa karibu na msuli juu ya mbavu zilizokwisha kupasuka, na yeye mwenyewe akachagua upasuaji. Kemotherapi haikutolewa, kwa kuwa katika utafiti wa CALOR, uliopima kemotherapi kwa saratani iliyorudi kwenye titi au karibu yake, faida yake ilikuwa kwa wenye saratani isiyo na kipokezi cha estrojeni. Dawa ya homoni ilibadilishwa, kwa kuwa saratani ilirudi akiwa bado anatumia letrozole.

Titi lililotolewa lilipigwa eksirei kabla ya kukatwa maabara, na klipu zote mbili zikahesabiwa. Ya kwanza ilikuwa ndani ya mafuta yaliyokufa. Ya pili ilikuwa ndani ya saratani ya milimita 12, milimita 2 kutoka kwenye utando wa msuli. Ripoti ya mwezi wa 44 iliongezewa aya inayotaja vipimo vyote vinne vya kovu kwa mpangilio, na fomu ya kuombea ultrasaundi ikapata mstari mpya: “Kitu kinachotafutwa, mahali kilipo kwenye mamogramu, na umbali wake kutoka kwenye alama ya karibu.” Mamogramu ya titi la kulia inaendelea kila mwaka, na ukuta wa kifua wa kushoto unakaguliwa kwa mkono, ultrasaundi itaombwa pale tu kidole kitakapokuta kitu.